Sisimizi Begani mwa Shangazi

Kama hujawahi kumwona shangazi yangu akikata kitambaa, basi hujaona kitambaa kikikatwa. Nasema hivyo bila haya, ingawa mimi mwenyewe ni fundi. Alikuwa akitandaza kitambaa mezani, anapitisha kiganja juu yake polepole kama anayemlaza mtoto, anavuta mstari wa chaki, kisha anaingiza mkasi na hauinui mpaka afike ng'ambo ya meza. Sisi wengine tunakata kwa kutafuna. Mkasi wake ulikuwa unateleza. Wateja waliokuja kuchukua mapazia yao walisimama mlangoni wakamtazama hadi wakasahau kilichowaleta.

Mkasi wenyewe ulikuwa wa chuma kitupu, mzito, aliouachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Ulikuwa na sheria zake. Haukati karatasi, kwa sababu karatasi hula makali. Haushikwi na mtu mwingine, hata kwa kuusogeza tu. Ukiukuta juu ya kitambaa chako unamwita mwenyewe aje autoe. Mteja mmoja aliwahi kuuchukua afungulie pakiti yake ya biskuti. Mtu yule hakushonewa pazia dukani kwetu tena, na nadhani mpaka leo majirani wanamwona akila.

Mtaani walimwita Bibi Pindo, maana pindo la pazia lake ulikuwa unalitafuta mshono huuoni. Mimi ni binti wa kaka yake. Nilikaa kwenye cherehani ya dirishani, yeye alikaa, au niseme alisimama, kwenye meza ya kukatia. Mtu wa tatu dukani alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho wa nyumba yao. Kwa heshima huyo naye ni shangazi yangu, lakini tumepishana umri kidogo tu, na tangu zamani sote tulimwita Kitinda, yaani kitindamimba.

Lazima mjue Kitinda alilelewa na nani, la sivyo hamtaelewa kwa nini nina hasira. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anatambaa. Shangazi alikuwa msichana, amekwisha kuchumbiwa. Mchumba akasema anaoa mke, haoi mke na mtoto wa mkwe. Shangazi akamwambia njia aliyojia bado anaijua, airudie. Hakuolewa kamwe. Kitinda akakulia chini ya meza ile ya kukatia, ndani ya boksi la vipande vya vitambaa, akisinzia kwa mlio wa cherehani. Shangazi hakuwahi kumwita "mdogo wangu". Alimwita "mwanangu", mpaka wageni wakaamini hivyo.

Kitinda alikua na mdomo wa biashara. Shangazi alijua kukata lakini hakujua kusema. Mteja akimwuliza swali anajibu "sawa" na kuendelea na kazi. Kitinda alikuwa anaweza kumuuzia pazia mtu asiye na dirisha. Yeye ndiye aliyekwenda kupima madirisha ya watu, yeye ndiye aliyetafuta kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akisema kila siku kwamba duka letu ni dogo mno kwa mkono mkubwa kama ule wa Dada. Alitaka duka lenye vioo mbele. Hilo si kosa. Nani hataki vioo?

Bega la Shangazi lilianza kumsumbua kimyakimya. Kwanza akaacha kulalia upande wa kulia. Kisha nikaona anachana nywele kwa kuinamisha kichwa kuufuata mkono, badala ya mkono kukifuata kichwa. Kisha akawa anaegemeza kiwiko mezani anapokata, jambo ambalo angemgombeza mwanafunzi yeyote kwa kulifanya. Nikimwuliza, ananijibu kwamba ni baridi. Kulikuwa na jua la kupasua mawe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda kamwambie hivyo mtu aliyekufundisha kushika sindano.

Wakati huohuo Kitinda akapata kazi ya hoteli. Ilikuwa hoteli mpya, bado inanuka rangi, na ilitaka mapazia ya vyumba vyote, yenye bitana nzito ya kuzuia mwanga. Meneja alikuja dukani, akasimama akamtazama Shangazi akikata, akasahau simu iliyokuwa ikilia mfukoni mwake. Mwishowe akasema, "Nawapa kazi. Lakini yote yakatwe na mkono huu. Sitaki kuona chumba kimoja kimekatwa na mtu mwingine." Kitinda alicheka jioni nzima. Shangazi naye akacheka, akiwa ameshika bega.

Siku mbili tatu baadaye Shangazi hakuweza kuinua pasi. Ndipo akakubali kwenda hospitali. Kitinda akampeleka, wakampiga picha za bega, wakaambiwa warudi kwa majibu. Siku ya majibu, majora ya vitambaa vya hoteli yakawa yameletwa, na Shangazi hakumwamini mtu kukagua kitambaa. Akasema, "Mwanangu, nenda wewe. Utakachoambiwa wewe nimeambiwa mimi."

Kitinda akarudi na boksi dogo jeupe na uso wa sikukuu.

"Dada, ondoa wasiwasi. Hakuna kitu. Misuli imechoka tu, na daktari amesema utumie hii."

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine ndogo ya kutosha kiganjani, ina kioo cha namba na vitufe, nyaya nyembamba, na vibandiko vinne vya mraba vyenye gundi laini upande mmoja. Unabandika vibandiko pale panapouma, unawasha, na umeme kidogo unapita kwenye ngozi na misuli. Kitinda akambandika palepale juu ya kiti cha wateja. Shangazi akashtuka, akaruka, akapiga kelele, "Uwi! Mmenitia sisimizi!" Tulicheka hadi muuza duka wa jirani akaja kuchungulia. Baada ya muda Shangazi akanyamaza. Akainua mkono taratibu, ukapita kidevu, ukapita sikio, ukafika juu ya kichwa. Akaanza kulia. Akamshika Kitinda uso kwa mikono yote miwili akamwombea dua ndefu, ya maisha marefu na ya kuzaa watoto watakaomtunza kama yeye alivyotunza. Mimi nikaitikia amina. Nikiikumbuka ile amina natamani ningeweza kuirudisha.

Tangu hapo mashine ikaitwa Sisimizi, na Kitinda akawa mtumishi wake. Bega lina sehemu ambazo mwenyewe huzifikii, hasa nyuma. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hatujafungua milango, Kitinda alikuwa anamketisha Shangazi, anamfuta bega kwa kitambaa chenye maji, anamkausha, kisha anasugua viganja vyake mwenyewe vipate joto ili asimguse dada yake kwa mikono ya baridi. Ndipo anabandika, kimoja kimoja, na kukikandamiza. Nilikuwa nawatazama nikiwa kwenye cherehani yangu nikasema moyoni kwamba damu ni nzito kuliko maji. Nilimwonea wivu Shangazi, kusema kweli. Mimi nina dada watatu na hakuna hata mmoja anayejua bega langu liko wapi.

Sasa hapa ndipo ufundi ulipotuponza. Mtu mwingine yeyote angekaa na mashine ile kitandani au kwenye kochi, maana nyaya zinaning'inia na mashine inataka pa kuwekwa. Shangazi ni fundi. Alichukua aproni yake ya kazi, akaishonea mfuko mdogo kifuani wa kipimo cha mashine, akatoboa tundu kama la kifungo, akalizungushia uzi vizuri, nyaya zikapita kwa ndani bila kuonekana. Akasimama mbele yetu akajigeuza kama bibi harusi. "Nani ataniambia nipumzike sasa?" akasema. Kitinda akapiga makofi, akamwita fundi wa mafundi. Kuanzia siku hiyo Sisimizi hakuwa wa kabla ya kazi tu. Aliwashwa asubuhi na kuzimwa tukifunga.

Mimi niliuliza. Nilimwambia Kitinda, tukiwa tunakunja mapazia, "Hivi daktari alisema avae hata akiwa kazini?"

"Kwani hospitali ulikwenda wewe au mimi?"

"Ulikwenda wewe."

"Basi shona."

Nikashona. Kazi ya hoteli ilikwenda mbio. Bitana ile ilikuwa nzito kama mkeka uliolowa, na Shangazi aliikata tabaka mbili kwa pamoja, uso umetulia. Mwili huzoea. Alichokisikia jana kwenye namba ndogo, leo hakisikii, basi anapandisha. Msuli wa bega ulianza kurukaruka wenyewe chini ya blauzi na yeye anakata. Siku moja kikombe kikamponyoka. Akacheka, akasema vikombe vya siku hizi vina utelezi. Kitinda akaokota vigae haraka na hakucheka.

Kisha ukaanguka mkasi.

Ulianguka sakafuni kwa kishindo na sote tukaganda, kwa kuwa katika miaka yetu yote haukuwahi kugusa sakafu. Shangazi akautazama pale chini kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mtu asiyemwona. Hakuna aliyethubutu kuuokota. Akainama mwenyewe, akauokota kwa mkono wa kushoto, akapandisha namba, akaendelea.

Bwana mmoja aliingia asubuhi moja kazi ya hoteli ikiwa imebaki pazia moja tu, lile refu la mapokezi. Kitinda alikuwa ametoka kufuata pete za kutundikia. Bwana alikuwa na vipimo vya madirisha ya nyumba aliyohamia, mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini. Shangazi akatandaza tepu mezani. Aproni ikafunguka kidogo, na yule bwana akaona waya.

"Samahani, mama. Hiyo si mashine ya misuli?"

"Ndiyo, baba." Shangazi akatabasamu, maana Sisimizi ndilo jambo pekee lililomfanya aongee na mteja. "Hiki ni kijidudu changu. Kimeniponya bega."

"Bega la kulia?"

"La kulia."

Yule bwana akamtazama kwa makini. Akamwuliza kama aliwahi kupigwa picha, na kama majibu yalichukuliwa na mdogo wake, dada mmoja mrefu mwenye mwanya, aliyejitambulisha kuwa ndiye anayemtunza. Shangazi akasema ndiye huyo, mwanangu. Bwana akaweka karatasi yake ya vipimo mezani.

"Mama, mimi ndiye daktari wa viungo niliyempa majibu. Mbona unakata?"

"Si ulisema misuli imechoka tu?"

Nilizima cherehani yangu. Nikajua kwamba daktari naye amekwisha kuelewa, na anatafuta namna ya kulisema jambo lisilo na namna.

"Nilimwambia kano ya bega imechanika nusu," akasema. "Nusu ilikuwa bado imeshika. Nilimwambia mkono usiinue kitu wala usikate kitu mpaka tuione tena, na uanze mazoezi kwetu. Mashine niliiruhusu kwa ajili ya jioni, umekaa, kwa namba ya chini, upate usingizi. Mashine yenyewe haina kosa, mama. Inanyamazisha maumivu. Haishoni kano."

"Ulimwambia hivyo yeye?"

"Nilimwambia, akanirudia maneno yangu yote ili ahakikishe amenielewa."

Daktari akamwomba azime. Shangazi akabonyeza kitufe ndani ya ule mfuko wake mzuri. Tukangoja. Kisha akaambiwa ainue mkono. Mkono ukatoka ubavuni, ukafika usawa wa kifua, ukasimama hapo, ukaanza kutetemeka. Uso wake ulikuwa unausukuma na mkono haukusikia. Nilitazama pembeni, nikahesabu nyuzi.

Tulikwenda hospitali siku ileile, mimi na yeye, kabla Kitinda hajarudi. Picha mpya haikuhitaji maelezo marefu. Ile nusu iliyokuwa imeshika ilikuwa imekwisha kuachia, na ncha yake imejivuta ndani. Daktari akasema upasuaji utasaidia apige mswaki na achane nywele. Shangazi akauliza swali moja tu.

"Na mkasi?"

"Mkasi ule, mama, hapana."

"Na ningekuja ile siku ya kwanza?"

Daktari akasema asingependa kuapa, lakini wengi wanaopumzisha mkono mapema hurudi kazini. Akamfungia mkono kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni. Njia nzima mimi ndiye niliyeongea, nikatukana, nikaapa kumng'oa Kitinda mwanya wake mpaka uwe uwanja. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nguo hii umeishona mwenyewe. Shangazi akaniambia nipunguze sauti, watu wanasikia.

Tulimkuta Kitinda dukani anapanga pete. Akaona mkono umefungwa, akaona mimi, na pete zikakoma kulia. Shangazi akaketi kwenye kiti cha wateja, kilekile cha siku ya kwanza.

"Daktari alikwambia nini, siku ile?"

Kitinda, mwenye mdomo wa kuuza mapazia kwa wasio na madirisha, alianza sentensi tatu na hakumaliza hata moja. Kisha akalia, na ndani ya kilio yakatoka. Kwamba alikuwa na nia ya kusema. Kwamba alitaka kazi ya hoteli iishe kwanza, halafu Dada apumzike hata mwaka mzima.

"Ningekwambia ungeacha, Dada. Na ukiacha, nani anakata? Wamesema mkono wako tu. Halafu ulikuwa unajisikia vizuri! Si mwenyewe ulikuwa unasema huumwi? Nikaona labda daktari amezidisha. Kila asubuhi nilikuwa naomba lisizidi."

"Kila asubuhi," Shangazi akasema.

"Kila asubuhi, wallahi."

"Ukinibandika."

Shangazi akawa amefumba macho, na jasho limemtoka juu ya mdomo. Dawa ya hospitali ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakukuwa na kitu kati yake na lile bega. Lilikuwa linamuuma lote, maumivu ya siku zote alizolinyamazisha. Kitinda akaliona hilo. Akakimbilia aproni, akatoa mashine mfukoni, akachukua vibandiko, akaja kupiga magoti mbele ya dada yake.

"Ngoja, Dada. Daktari si amesema ukiwa umekaa inaruhusiwa? Ngoja nikubandike, namba ya chini kabisa, upate nafuu. Nisamehe. Nitakutunza, nitakupikia, nitakuogesha. Pumzika kabisa, usiwaze kitu." Akafuta machozi kwa bega lake. Akatupia jicho mezani. "Limebaki hili la mapokezi tu, na hilo tutaona la kufanya."

Huenda hata hakujisikia akilisema. Mimi nilisikia. Shangazi alisikia, alifungua macho. Na Kitinda, masikini, akaweka vibandiko gotini, akaanza kusugua viganja vyake vipate joto.

"Acha," Shangazi akasema.

"Mikono ina baridi, Dada, ngoja kidogo—"

"Nimesema acha. Usiniguse."

Hakupaza sauti. Alisema bega linamuuma sana, liachwe limuume, maana katika nyumba yake yote hilo bega ndilo pekee lililomwambia ukweli, na yeye alilifunga mdomo kwa sababu alimwamini mtoto aliyemlea mwenyewe. Alisema angeambiwa ukweli, labda angekata bado. Angeikata ile hoteli yote kwa meno, kama mwanawe angemwomba. "Lakini hukuniomba," akasema. "Uliniibia."

Akainuka, akaenda kwenye meza ya kukatia. Kitambaa cha mapokezi kilikuwa kimetandazwa, na mstari wa chaki wa asubuhi ulikuwa bado mweupe. Akauchukua ule mkasi kwa mkono wa kushoto. Nikadhani anataka kujaribu, nikasogea. Hakujaribu. Alirudi nao hadi pale Kitinda alipopiga magoti, akamfungua viganja kwa kidole gumba, akauweka humo.

Kitinda alimtazama kama mtoto aliyepewa kitu cha moto. Nadhani hakuwahi kujua kama ni mzito kiasi kile.

"Dada, mimi siwezi. Huu ni wako."

"Si ulikuwa unautaka mkono?" Shangazi akasema. "Mkono ndio huo umebaki. Tumia, mdogo wangu. Kata hata karatasi."

Tulikuwa tumefika barabarani ndipo nilipotambua alichomwita. Nilimfungia vizuri kitambaa cha shingoni, kilikuwa kimelegea, na nikamwuliza kama anaumwa sana. Akasema ndiyo, sana, tutembee polepole.